Kebo na habu kwenye mtandao wa zamani: kuchagua, kusuka upya na kutafuta hitilafu

Maswali ni yale yale kila mara. Taa ya habu, lile boksi la katikati linalounganisha kebo, inawaka, mbona kompyuta hazionani? Nimechomoa mashine moja tu, mbona zote zimekatika? Nimeweka kadi za mtandao za kasi zaidi, mbona kunakili faili sasa kunakwenda mwendo wa kobe? Anayeuliza huwa amekabidhiwa chumba cha kompyuta za miaka mingi: maabara ya shule yenye mashine za msaada, ofisi ya stoo, kaunta ya duka ambako programu ya hesabu haikubali mashine mpya. Ana habu yenye vumbi, boksi la kebo lililotumika nusu, na pesa isiyotosha kubadilisha kila kitu. Kama ndiye wewe, soma kabla hujanunua chochote.

Mfano tutakaoutumia ni chumba cha mita 8 kwa 10 chenye kompyuta 12 na printa moja ya mtandao. Chumba chako kikiwa kikubwa zaidi, ongeza vipimo. Masharti ni hayo hayo.

Jambo la pesa tulimalize mapema: kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua kebo. Habu unaibadilisha kwa dakika tano siku ukipata swichi, boksi bora zaidi la kazi hiyo hiyo. Kebo iliyokwisha kupita ukutani na juu ya dari itabaki humo, na kama ni mbovu itakusumbua hata ukiwa na swichi ya bei gani.

Tambua ulicho nacho

Geuza kompyuta moja uangalie mgongoni.

Ukiona kebo ya mviringo, mara nyingi nyeusi, unene wa milimita 5 hivi, inayotoka mashine moja kwenda nyingine, na kila mashine ina kiungo cha chuma chenye umbo la T, hiyo ni koaksi nyembamba, 10BASE2. Kasi yake ni megabiti 10 kwa sekunde. Mstari mmoja usizidi mita 185, usibebe mashine zaidi ya 30, na kati ya T moja na nyingine kusipungue nusu mita. Hapa kebo yenyewe ndiyo mtandao, habu haihitajiki.

Ukiona plagi ya plastiki ya RJ45 na kila kebo inakwenda peke yake hadi kwenye boksi la katikati, hiyo ni UTP, yaani jozi nne za nyaya zilizosokotwa. Soma maandishi kwenye ganda. CAT 3 inabeba megabiti 10 tu (10BASE-T). CAT 5 inabeba 100 (100BASE-TX). CAT 5e inakwenda hadi 1000. Kwa zote, kutoka kompyuta hadi boksi mwisho ni mita 100, na kebo fupi za mezani zimo ndani ya hesabu hiyo. Mafundi huacha mita 90 kwa kebo ya ukutani na 10 kwa zile fupi.

Kuna pia koaksi nene, unene wa kidole, mara nyingi ya manjano. Ukiikuta iache ilipo. Vifaa vyake havipatikani tena na haifai kuhangaikiwa.

Sasa boksi la katikati. Pindua usome kibandiko cha chini. HUB au REPEATER ni habu: kinachoingia tundu moja inakitoa matundu yote, kwa hiyo mashine zote zinagawana kasi moja na zikisema kwa pamoja ujumbe unagongana. SWITCH ni swichi: inampelekea mhusika peke yake. Ukikuta SWITCHING HUB usichanganyikiwe, hiyo ni swichi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kebo ya Cat5e ya uzi mmoja mzima, boksi moja la mita 305. Kwa chumba chetu kila kebo ni wastani wa mita 14 pamoja na akiba. Mara 13 ni mita 182.
- Soketi 13 za ukutani za Cat5e, pamoja na kifaa cha kusukumia nyaya ndani ya soketi.
- Kebo fupi 13 za mita 2 zilizotengenezwa kiwandani, za nyuzi nyingi laini.
- Plagi za RJ45, 25. Zinazohitajika ni 13, ila mwanzoni utaharibu kadhaa.
- Habu au swichi ya matundu 16. Ya matundu 8 haikutoshi, na mbili za 8 zina masharti yake, tutayafikia.
- Koleo la kubania plagi, kisu chembamba, mkasi mkali, na testa ya kebo ya vipande viwili yenye taa nane.
- Multimita, kipimo cha umeme na ukinzani (omu). Ya bei nafuu inatosha.
- Tranki za plastiki mita 36 kuzunguka kuta, skrubu, na kalamu ya wino usiofutika.

Unaponunua kebo, omba kipande cha sentimita 10 ukikwangue waya mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inauzwa kwa wingi ikiwa na maandishi mazuri ya CAT 5e kwenye ganda. Inakatika ukiikunja mara chache, inalegea kwenye soketi baada ya muda, na kwa masafa marefu ishara inafifia. Boksi lenyewe pia huwa jepesi ukilinganisha na la shaba. Irudishe.

Hatua za kazi

1. Chora chumba kwenye karatasi. Weka mlango, madirisha, soketi za umeme, taa za tyubu na meza. Mahali pa habu pawe karibu na katikati ya ukuta mrefu, juu kidogo, mbali na dirisha la mvua na mbali na mkono wa mwanafunzi. Kila kompyuta ipe namba, 1 hadi 12, na printa 13.

2. Chagua boksi la katikati. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo twende taratibu.

Ukiwa na pesa, nunua swichi ya 10/100 au 10/100/1000, mambo yaishe. Swichi za kawaida za aina hiyo bado zinapokea kadi ya zamani ya megabiti 10 bila ugomvi, na kila tundu linachagua kasi yake.

Ukibaki na habu ya megabiti 10, jua unachokipata. Faili la megabaiti 50 ni megabiti 400. Mashine moja peke yake inalivuta kwa sekunde 40 ukihesabu kwa karatasi, kwa kweli ni karibu dakika nzima. Wanafunzi 12 wakilivuta kwa wakati mmoja, hesabu ya karatasi ni sekunde 480, dakika nane, na migongano huongeza juu yake. Kwa kuchapisha barua na kushirikiana faili ndogo habu hiyo inatosha kabisa. Kwa video haifai.

Habu ya megabiti 100 inahitaji kila kadi iwe ya 100. Kadi ya megabiti 10 ukiichomeka humo haitapata hata taa.

Habu ya kasi mbili, 10/100, kwa ndani ni habu mbili: moja ya 10, moja ya 100, na daraja la kuziunganisha. Zipo za bei rahisi zisizo na daraja hilo. Kwenye hizo mashine za 10 zinaonana zenyewe kwa zenyewe, za 100 vivyo hivyo, lakini makundi mawili hayaonani kamwe. Ukinunua ya mitumba, ijaribu na kadi mbili za kasi tofauti kabla ya kulipa.

Njia ya katikati, ambayo tunaipendekeza kwa mwenye habu mbili za matundu 8 na pesa kidogo: nunua swichi ndogo ya matundu 5. Habu ya kwanza ibebe kompyuta sita, ya pili sita, kila moja iingie kwenye swichi kwa kebo moja. Mashine yenye faili za pamoja iondoe kwenye habu uichomeke moja kwa moja kwenye swichi, na printa vilevile. Migongano ya kundi moja haivuki kwenda kundi jingine, na kwa pesa ndogo mtandao unapumua.

3. Hesabu habu zilizo njiani. Chagua kompyuta mbili zilizo mbali zaidi, ufuate kebo kutoka moja hadi nyingine. Kwa megabiti 10, usipite habu zaidi ya nne. Kwa megabiti 100 masharti ni makali zaidi: tafuta kwenye habu namba ya Kirumi ndani ya duara. Ikiwa I, habu hiyo iwe peke yake. Ikiwa II, unaweza kuunganisha mbili tu, na kebo kati yao isizidi mita 5. Swichi ikikaa katikati, hesabu inaanza upya upande wa pili. Habu za kupangwa moja juu ya nyingine, zilizofungwa kwa kebo yao maalumu ya nyuma, zinahesabiwa kuwa moja.

Kuvunja sharti hili hakuzimi mtandao, na ndiyo hatari yake. Taa zote zinawaka, ping (amri ya kujaribu kama mashine moja inaifikia nyingine) inajibu, ila migongano inachelewa kugundulika na pakiti, yaani vipande vya data, zinapotea mzigo ukiongezeka. Utamlaumu kila mtu kabla hujafika hapo.

4. Pitisha kebo. Weka tranki kwanza, kisha kebo. Kebo ya mtandao ikienda sambamba na waya wa umeme, acha sentimita 30 kati yao. Ikilazimika kuuvuka, iuvuke kwa pembe mraba. Acha sentimita 30 pia kutoka taa za tyubu. Usikunje kona kali. Mduara wa kona uwe na nusu-kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi. Usivute kwa nguvu ya kubeba zaidi ya kilo 11, maana msokoto wa ndani unanyooka na kazi yake inaisha. Usigongee misumari ya U inayobana ganda. Acha akiba ya mita moja upande wa habu.

Onyo: usitoe kebo ya shaba kutoka jengo moja hadi jengine, iwe ya chini ya ardhi au ya kuning'inia. Ardhi ya jengo hili na la pili hazina volti sawa, na radi haihitaji kupiga kebo yenyewe ili ichome kila kadi iliyounganishwa nayo. Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hili halihitaji maelezo. Kati ya majengo tumia kebo ya nyuzi za kioo au redio.

5. Andika namba kwenye kebo, ncha zote mbili, kabla ya kukata. Usiseme utaandika baadaye.

6. Funga soketi. Kila soketi ina rangi zilizochorwa kwa mpangilio A na B. Chagua B, na ushikilie B chumba kizima. Ganda la kebo lifike hadi karibu na meno ya soketi, na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13.

7. Funga plagi upande wa habu. Fanya hivi:

Menya ganda sentimita 3. Angalia kama kisu hakikugusa shaba. Kama kuna mchirizi, kata uanze tena. Fungua jozi, nyoosha nyaya kwa kuzisugua kati ya kidole gumba na shahada, uzipange kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zibane bapa, kisha kata zote kwa mkasi mara moja, zibaki milimita 13. Shika plagi kibanio chake kikitazama upande wa pili, mdomo chini. Pini ya kwanza ni ya kushoto. Ingiza nyaya hadi zigonge mwisho. Tazama plagi kwa mbele: lazima uone vidoti nane vya shaba, vyote vimefika. Tazama pembeni: ganda la kebo lazima liwe ndani ya plagi, chini ya kile kijipande kitakacholibana. Ndipo ubane, kwa nguvu, mara moja.

Plagi za waya mzima na za nyuzi nyingi zina meno tofauti. Ya nyuzi nyingi huchoma katikati ya waya. Ukiitumia kwa waya mzima inashika leo na kuachia baada ya miezi. Uliza dukani.

Onyo: usipange rangi "jozi kwa jozi", yaani chungwa zote, kijani zote, buluu zote, kahawia zote. Inaonekana safi, na testa itawasha taa zote nane kwa mpangilio. Lakini mtandao unatumia pini 1 na 2 kama jozi, 3 na 6 kama jozi nyingine. Ukipanga hivyo, 3 na 6 zinatoka kwenye misokoto miwili tofauti, na kelele ya nyaya jirani inaingia ndani. Kwa megabiti 10 na kebo fupi unaweza usigundue. Siku unapoweka 100, unaanza kutafuta mchawi.

8. Pima kila kebo kwa testa, kisha kwa macho. Testa inasema waya umefika wapi. Haiwezi kusema umesokotwa na nani. Rangi zikague mwenyewe.

9. Unganisha habu na habu ikiwa unazo mbili. Tundu la kawaida la habu kwenda tundu la kawaida la nyingine linataka kebo ya kupishanisha: ncha moja B, nyingine A, ambayo ni ile ile ila chungwa na kijani zimebadilishana nafasi. Habu nyingi zina tundu la UPLINK, au kitufe kando ya tundu la mwisho, na hapo kebo ya kawaida inatosha, upande mmoja tu. Tazama sana: kwenye habu nyingi UPLINK na tundu lililo jirani yake ni tundu moja lenye milango miwili. Ukitumia moja, lingine liache wazi. Habu ya 8 iliyounganishwa hivyo inabaki na mashine saba.

10. Washa habu, kisha kompyuta moja moja. Subiri taa ya kila tundu kabla ya kuwasha inayofuata. Ukiwasha zote kwa pamoja na kitu kikaharibika, hutajua ni nani.

11. Weka kasi na dupleksi. Mashine zilizo kwenye habu zote ni dupleksi nusu, yaani kusema na kusikia kwa zamu. Habu haijui njia nyingine. Acha kadi kwenye AUTO, ijichagulie yenyewe. Usilazimishe dupleksi kamili eti iende kasi zaidi: kadi hiyo haitasubiri zamu, itasema juu ya wenzake wote.

Kama kebo ya ukutani ni CAT 3, lazimisha kasi ya 10 kwa dupleksi nusu. Kadi na habu za 10/100 zikikutana zinakubaliana kasi ya juu ambayo zote mbili zinaijua, bila kuiuliza kebo inayopita kati yao. Zitakubaliana 100, taa itawaka vizuri, na faili hazitafika.

12. Jaribu kwa mzigo. Zipe mashine anwani 192.168.0.1 hadi 192.168.0.13 na kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Kwenye Windows andika ping -n 100 -l 1400 192.168.0.1, kwenye Linux ping -c 100 -s 1400 192.168.0.1. Ping ya kawaida ni ndogo mno, inapita hata kwenye kebo mbovu. Katika 100 isipotee hata moja chumba kikiwa kimya. Kisha nakili faili kubwa huku na huku.

Ikiwa koaksi lazima ibaki

Wakati mwingine dari haifunguki, au mashine ina kadi ya BNC (tundu la mviringo la koaksi) peke yake. Koaksi ikifungwa sawasawa inafanya kazi kwa utulivu kabisa. Ubaya wake ni kwamba kosa moja linazima wote.

1. Soma ganda: iwe RG-58 A/U au C/U, ya omu 50. RG-59 ya televisheni ni omu 75, na RG-62 ni 93. Kwa macho zinafanana. Ukiunga kipande cha televisheni katikati, ishara inagonga kwenye kiungo na kurudi.

2. T ikae moja kwa moja kwenye kadi. Usiweke kipande cha kebo kati ya T na kadi ili kuifikia meza ya mbali. Leta mstari wote mezani, uende na urudi.

3. Kila mwisho wa mstari funga kizimio cha omu 50, kile kijikofia cha BNC chenye kipingamizi ndani. Viwe viwili, si kimoja, si vitatu. Kimoja kati ya viwili kiunge na ardhi. Pengine popote chuma cha kebo kisiguse mwili wa kompyuta jirani wala tranki ya chuma.

4. Tumia viungo vya BNC vya kubana kwa koleo. Vile vya kuzungusha kwa mkono vinalegea.

5. Zima mashine zote, upime. Chomoa T ya mashine iliyo katikati kutoka kwenye kadi bila kuitenga na kebo, weka multimita kwenye omu, mchomo mmoja kwenye pini ya katikati, mwingine kwenye ganda la chuma. Isome 25 au zaidi kidogo, kwa sababu vizimio viwili vya 50 vinaonekana kwa pamoja. Ikisoma karibu 50, upande mmoja umekatika au kizimio kimeanguka. Ikisoma karibu sifuri, kuna mahali nyuzi za ganda zimegusa pini, mara nyingi ndani ya kiungo kilichofungwa kwa haraka. Isiposoma kitu, pande zote mbili zimekatika. Kupata mahali penyewe, gawa mstari katikati, funga kizimio cha akiba pale ulipougawa, upime kila nusu. Kisha ugawe nusu mbovu tena.

Kuiondoa mashine: chomoa T kwenye kadi, uiache T ikining'inia na kebo zake mbili. Anayetoa kebo kwenye T ndiye anayezima chumba kizima.

Kuunga koaksi na UTP: tafuta habu ya megabiti 10 yenye tundu la BNC kando. Inahesabiwa kuwa mashine mojawapo ya zile 30, na ikiwa mwishoni mwa mstari nayo inataka T na kizimio, isipokuwa ile yenye swichi ya kizimio cha ndani. Usiweke vyote viwili.

Hitilafu na dawa zake

*Taa ya tundu haiwaki.* Taa inahitaji pande zote mbili ziwe na umeme. Badilisha tundu, kisha kebo fupi, kisha pima ya ukutani. Angalia kama mtu ameweka kebo ya kupishanisha mahali pa kawaida. Kwa kadi za zamani zenye BNC na RJ45 pamoja, huenda kadi imeambiwa itumie BNC: nyingine hubadilishwa kwa vijumba vidogo vya pini (jumper) juu ya kadi, nyingine, kama 3Com 3C509 ya mchanganyiko, kwa programu yake inayoendeshwa kwenye DOS.

*Taa inawaka, ping ndogo inajibu, kunakili faili ni kobe.* Fikiria dupleksi kwanza. Upande mmoja ukilazimishwa dupleksi kamili na mwingine ukiwa AUTO, ule wa AUTO unaishia kwenye nusu, na mambo yanaharibika pale tu data inapokuwa nyingi. Rudisha pande zote AUTO. Kama ni hapo hapo, kagua rangi za plagi, na uangalie kama kebo si CAT 3.

*Taa ya COL (ya migongano) inawaka bila kukoma na kila mashine imekwama.* Kwa kawaida mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye habu moja, au ameunganisha habu mbili kwa kebo mbili akidhani atapata kasi maradufu. Toa moja. Kama si hivyo, kuna kadi iliyoharibika inayopiga kelele peke yake: chomoa kebo moja moja hadi taa itulie, ya mwisho uliyochomoa ndiyo yenye mgonjwa. Taa ya COL inayomemeta wakati wa kazi ni kawaida ya habu, usiishughulikie.

*Tundu moja limezimika lenyewe, taa ina rangi ya machungwa au imeandikwa PART.* Baada ya migongano mingi mfululizo habu hulitenga tundu ili wengine wapone. Tibu kebo au kadi ya tundu hilo. Ukiizima habu na kuiwasha bila kutibu, litajitenga tena.

*Nimeweka swichi ya gigabiti, mashine mbili zimegoma au zinasuasua.* Fungua soketi zao. Mafundi wa zamani walikuwa wakipitisha mashine mbili ndani ya kebo moja, kila moja jozi mbili, na kwa 10 na 100 ilikubali. Gigabiti inataka jozi zote nne. Pitisha kebo ya pili, au ziache kwenye 100.

*Habu inazima na kuwaka yenyewe mchana.* Shika adapta yake. Nyingi za adapta za habu za zamani zimekwisha kubadilishwa na yoyote iliyopatikana, alimradi kipini kimeingia. Soma chini ya habu: volti, ampea, alama ya chanya katikati au nje, na kama inataka AC au DC. Adapta ya volti sahihi yenye ampea pungufu inachemka na kukata joto likizidi. Yenye ampea zaidi haina neno. Ukichomeka ya AC kwenye habu ya DC, usiiwashe mara ya pili kujaribu. Fungua kwanza uangalie fyuzi na diodi za mlangoni.